Umefanyiwa upasuaji wa kope, sasa ufiche na nini: miwani, konsila, jeli au usubiri tu?

Mimi ni mpambaji hapa Mwanza, kazi yangu ni maharusi na send-off, na siku hizi napata wateja ambao hawaji kupakwa, wanakuja kuuliza. Dada, nimefanyiwa kope, hiki kialama nakifichaje? Wengine ni wamama ambao ngozi ya juu ya jicho ilishalegea mpaka ikawa inaziba kuona, wengine ni mabinti wanataka macho yafunguke kwenye picha, basi, kila mtu na sababu zake. Wamefanyia Dar, wengine India, wengine Uturuki, wanarudi huku na karatasi ya maelekezo ambayo hajaisoma mtu. Kwenye dawa na kidonda daktari wako ndo bosi, mimi siingilii, ila kwenye kuficha hapo ndo kwangu na nitasema nionavyo.

Kitu cha kwanza, mnaogopa kovu na kovu lenyewe wala sio tatizo. Kope ya juu inachanwa kwenye ule mkunjo wa asili, ukifumbua jicho mstari unaingia ndani hauonekani. Ya chini kuna njia mbili, ama wanachana chini kidogo ya mstari wa nywele za kope, ama wanapitia ndani ya kope na hapo nje hakuna kovu kabisa (kama bado hujafanya muulize daktari anatumia ipi, hilo swali peke yake linaweza kukuokolea mwaka mzima wa kujificha). Ngozi ya kope ni nyembamba kuliko zote mwilini, inapona vizuri, na keloidi pale ni nadra sana hata kwa mtu ambaye akitoboa sikio tu linaota nundu. Kinachotusumbua sisi wenye ngozi nyeusi ni rangi. Mahali palipochanwa panapiga weusi, au panabaki na kivuli cha zambarau, na kile kivuli kinakaa miezi wakati mstari ulishapotea. Kwaio ukichagua kitu cha kuficha, jiulize kinafanya nini kwenye weusi, sio kwenye mstari. Hapo ndo utaona vitu vingi mnavyonunua havina kazi na vingine ndo vinazidisha.

Ila kabla ya kuficha kuna wiki ya kwanza, na watu wanaiharibu hapo hapo.

Kubaki Dar au kuwahi kurudi?

Nyuzi mara nyingi zinatolewa kati ya siku ya 5 na ya 7. Mi nasema baki huko huko mpaka zitoke, hata kama unakaa kwa shangazi na shangazi anaongea sana. Basi la Dar mpaka Mwanza ni siku nzima, vumbi, kutikiswa, huwezi kuweka barafu, na ukilala unainamia dirisha. Halafu kuna ile hatari kubwa ya damu kuvujia nyuma ya jicho, haitokei mara nyingi ila ikitokea mara nyingi ni ndani ya masaa 24 ya mwanzo. Jicho moja linauma ghafla kuliko lingine, linakuwa gumu kama linasukumwa nje, kuona kunafifia. Hapo hakuna kusubiri asubuhi wala kumpigia mtu aliyekushauri, ni hospitali dakika hiyo hiyo. Ukiwa hapa mjini nenda Bugando. Ukiwa kwenye basi katikati ya pori usiku utafanyaje sasa.

Wale wanaorudi kwao Sengerema na Geita angalau mmepata nafuu, tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025 hakuna tena kukaa kwenye foleni ya pantoni na jicho limevimba na upepo wa ziwa unakupiga usoni. Kurudi mjini kwa daktari sio safari ya kuiogopa tena.

Uvimbe unapanda mpaka siku ya 2 au ya 3, halafu ndo unaanza kushuka, kwaio usishtuke ukiamka kesho yake umekuwa mbaya kuliko jana. Barafu masaa 48 ya mwanzo, dakika 10 hadi 15 halafu unapumzika, imefungwa kwenye kitambaa safi, isiguse ngozi moja kwa moja maana kope ina ganzi bado na utajiunguza na baridi bila kujua. Umeme ukikatika, kitambaa kilicholowekwa maji yaliyochemshwa yakapozwa kinatosha. Lala umeinua kichwa, mito miwili mitatu. Maumivu ni paracetamol, achana na aspirini na hizo diklo mnazomeza kwa kila kitu, zinazidisha kuvuja damu, labda daktari mwenyewe aseme. Maji ya ziwa yakae mbali na uso wako mpaka daktari akwambie, na kuogelea hesabu mwezi.

Miwani

Kwa wiki mbili za mwanzo sina mjadala, miwani inashinda kila kitu kwa sababu ndo kitu pekee kinachoficha bila kugusa. Konsila, yaani kile kipodozi cha kufunika madoa, kwenye kidonda ambacho hakijafunga ni kujitafutia usaha, na isitoshe rangi ikiingia ndani ya kidonda inaweza kubaki humo.

Ila miwani nayo sio moja. Ile nyeusi kubwa inayozunguka mpaka pembeni inazuia jua, upepo na vumbi la bodaboda, hiyo ndo ya barabarani. Tatizo lake ni ndani ya nyumba na kazini. Ukivaa miwani nyeusi ofisini wiki nzima mtaa unatunga habari, nusu watasema mume kampiga, nusu watasema una macho mekundu na hawatakusogelea, watu hawajasahau ule ugonjwa wa 2024. Kwa ndani bora miwani ya kioo cheupe isiyo na namba, yenye fremu nene juu. Fremu ikiwa rangi ya kahawia iliyokolea au nyeusi na ikakaa usawa wa mkunjo wa kope, macho ya anayekutazama yanaishia kwenye fremu. Nimemvalisha dada mmoja wa Pasiansi hiyo, karani, siku ya kumi na kitu akarudi kazini, watu wakamwambia hongera umeanza kuvaa miwani imekupendeza. Basi. Hakuna aliyeuliza la zaidi.

Zile za mezani kwa wamachinga angalia imeandikwa UV400, na hata ikiandikwa bora ukapime duka la miwani. Kioo cheusi kisichozuia mionzi kinaweza kuwa kibaya kuliko kutovaa kabisa, kwa sababu giza linafungua mboni halafu mionzi inaingia kwa raha zake. Lenzi za kuvaa ndani ya jicho ziache kama wiki mbili au zaidi, maana kuzivaa lazima uvute kope, na zile za kubadilisha rangi ya jicho ndo usiziguse kabisa.

Konsila, rangi ya kope na wanja

Hapa nitakaa kidogo maana ndo wengi mnakosea, na wapambaji wenzangu nao.

Vipodozi ni mpaka nyuzi zimetoka na kidonda kimefunga, kwa wengi ni siku 10 hadi 14. Maskara na brashi zako za zamani tupa, anza na mpya, na saluni usikubali brashi ya kopo la wote hata kama ni rafiki yako.

Watu wakiona weusi wanakimbilia konsila nyeupe kuliko ngozi yao. Ukipaka rangi ya mwanga juu ya weusi kwenye ngozi yetu unapata kijivu, unaonekana kama mgonjwa. Weusi unazimwa kwanza na rangi ya chungwa, kwa ngozi ya maji ya kunde chukua ile ya pichi, kwa ngozi nyeusi sana chungwa iliyokolea, kidogo tu, halafu juu ndo konsila ya rangi yako halisi. Ile ya kijani wanayoonyesha kwenye video ni ya kuzima wekundu kwenye ngozi nyeupe, kwako hapana.

Natoa kiasi cha punje ya mchele kwenye mgongo wa mkono, naipasha moto na kidole cha pete, napiga piga bila kufikicha, kidole cha pete kwa sababu hakina nguvu. Na hii naiweka sehemu mbili tu, chini ya jicho na kwenye ule mkia wa kovu unaotokeza nje ya kona ya jicho. Mkia huo ndo sehemu inayoonekana kuliko zote hasa kwa wamama, kwa sababu pale ngozi ni nene kidogo na hakuna mkunjo wa kuuficha. Kwenye mkunjo wenyewe SIWEKI konsila. Ngoja nusu saa uone, jicho linafumba na kufumbua, konsila inajikusanya yote kwenye mstari, na sasa umechora kwa rangi ya mwanga ile ile kitu uliyokuwa unaficha. Mkunjo unataka giza. Weka rangi ya kope ya kahawia isiyong'aa, iliyokolea kidogo kuliko ngozi, ipite juu ya mstari na izidi kidogo juu, watu wanategemea kuona kivuli pale kwaio hakuna anayeshtuka. Yenye vimetameta iache, vinadondokea kwenye jicho ambalo bado ni kavu na linawasha.

Wanja sasa. Penseli ngumu inavuta ngozi, ile kalamu ya maji yenye ncha laini haivuti, kwaio kwa kope ya juu ni kalamu. Kwa waliochanwa chini ya nywele za kope ya chini, penseli laini ikipita pale pale chini ya nywele inaficha kuliko konsila yoyote. Wanja wa unga wa asili, ule wa kuchomeka na kijiti, najua bibi zetu wameutumia, lakini aina nyingi zimekutwa na madini ya risasi, na kijiti kile kinapita macho ya ukoo mzima. Mi siutumii hata kwa mtu mzima wa afya sembuse jicho lililochanwa.

Kope za kubandika ziache mpaka daktari aruhusu, na kabla ya wiki 6 hata usimuulize. Gundi sio tatizo kubwa kama kuzibandua, unavuta ngozi kwa juu na kovu changa linatanuka.

Na kutoa mekapu ndo kunaharibu kuliko kuipaka. Weka pamba yenye maji ya kutolea mekapu juu ya jicho, hesabu taratibu mpaka kama 20, halafu shusha chini mara moja. Ukifikicha kila jioni unaamsha weusi upya, kwa sababu ngozi yetu ikisuguliwa tu inajibu na rangi. Kwaio mtu anayepaka kila siku kuficha weusi na kusugua kila siku kuutoa anazunguka palepale, nawaona hao, miezi minne baadaye bado wananunua konsila.

Vya kupaka ili kovu liishe

Vaselini ya kawaida, baada ya ile dawa ya macho ya hospitali kuisha, inafanya kazi nzuri sana ya kuweka kidonda kiwe na unyevu na ni bei ya chini. Jeli ya silikoni ni ghali, inasaidia kovu lililoinuka au gumu, na kwenye kope makovu ya hivyo ni machache, kwaio kama pesa ni ya mawazo usijilaumu kwa kuikosa. Ukiwa nayo, iweke kwenye ule mkia wa nje, kiasi kidogo, isiingie jichoni, na ni baada ya kidonda kufunga. Zile karatasi za silikoni za kubandika hazikai kwenye kope, usitupe hela.

Mafuta ya vitamini E mnayotoboa kwenye kidonge, kuna utafiti wa 1999 ulipima upande mmoja wa kovu na mwingine, hayakuonyesha faida ya kuonekana na theluthi ya watu walipata mzio wa ngozi. Kope ikipata mzio inavimba jicho linaziba. Mi ningeacha.

Halafu mkorogo. Hili naliandika kwa hasira kidogo mnisamehe. Mtu amelipa mamilioni, kope imepona vizuri, anaona weusi kidogo anaenda kuchanganyiwa kopo lisilo na jina anapaka juu ya jicho. Mle ndani kuna steroidi, kuna haidrokwinoni, kuna hata zebaki, na vipodozi vya hivyo vimepigwa marufuku nchini lakini unajua mwenyewe vinavyopatikana. Steroidi kwenye kope inachubua ngozi ambayo ilishakuwa nyembamba, na ikitumika muda inapandisha presha ya macho, ile inayopofusha kimya kimya. Ukilinganisha na weusi ambao ungeondoka wenyewe kwa kusubiri, hakuna hesabu hapo. Kama miezi 6 imepita na rangi bado, daktari wa ngozi anazo dawa za kupimwa. Leza pia zipo ila kwa ngozi nyeusi leza ikikosewa inaleta weusi mwingine, muulize kwanza kama anafanya ngozi kama yako na akuonyeshe.

Sanskrini, mbili tofauti

Kama una hela ya kitu kimoja tu, nunua hii, krimu ya kukinga ngozi na jua. Mwanza tupo karibu na mstari wa ikweta, ziwa lenyewe liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, jua linapiga kutoka juu na linarudi tena kutoka kwenye maji. Kovu changa likipigwa na jua linaganda weusi. SPF 30 kwenda juu, kila masaa mawili ukiwa nje, kwa miezi 6 mpaka mwaka maana kovu linachukua muda huo kutulia.

Ya kemikali inaingia kwenye ngozi haionekani, ila ukitoka jasho inatiririka jichoni inachoma, unabaki kufikicha. Ya madini, yenye zinki, haichomi, ndo ya karibu na jicho, ila ile nyeupe inatuacha na vumbi usoni kama tumepakwa chokaa. Jibu ni ile ya madini yenye rangi ya ngozi. Ile rangi sio urembo tu, inatokana na oksaidi ya chuma, na hiyo inazuia mwanga wa kawaida ambao kwa ngozi nyeusi nao unaleta weusi, kitu ambacho sanskrini isiyo na rangi haikifanyi vizuri. Na inakusaidia kuficha hapo hapo. Kwa macho yangu hiyo ndo inashinda kwenye huu ulinganisho wote kuanzia wiki ya tatu na kuendelea.

Sasa wewe ni nani?

Mama wa dagaa, Mwaloni au Igombe, unayekaa juani siku nzima na mchanga unaakisi, sahau konsila, jasho litaitoa saa tatu asubuhi. Kofia pana au kitenge kivuli juu ya uso, miwani ya kuzunguka, sanskrini ya rangi. Jioni na wale wadudu wa ziwani wanaojaa kwenye taa usikae nje bila miwani, mdudu mmoja akiingia utafikicha kabla hujafikiri.

Wa ofisini nimeshamsema, fremu nene, halafu baada ya wiki mbili rangi ya kahawia kwenye mkunjo.

Mama mtu mzima unayerudi kijijini, hapa naomba watoto wake ndo wasome. Usumbufu wa kwanza ni moshi wa kuni, asipike wiki mbili tatu, mkwe au mjukuu apike, jicho lililofanyiwa linakuwa kavu na halifungi sawasawa mwanzoni. La pili mnalijua na hatulisemi. Kanda hii yetu macho mekundu ya bibi, kwa kudhaniwa ni mchawi, yamewahi kugharimu maisha ya watu. Msimrudishe mama kijijini na macho mekundu yaliyovimba halafu mkanyamaza. Mkae naye mjini mpaka yakauke, au mmoja wenu aende naye aseme wazi mbele ya majirani kwamba mama alifanyiwa upasuaji wa kope alikuwa haoni vizuri. Hapo kuficha sio chaguo, kusema ndo chaguo.

Bi harusi, wewe ndo unaniumiza kichwa. Mmoja alinijia wiki tatu kabla ya send-off, "Mdogo wangu, hii nyeusi si itakuwa imetoka?" Nikamwambia dada, nitaificha kwenye picha, kwa karibu mama mkwe ataiona. Kama harusi ina tarehe, fanya miezi 3 kabla, ukipata 6 ni bora zaidi. Chini ya hapo sogeza upasuaji, ukumbi umeshalipiwa.

Na mnaoniuliza tatuu ya kufunika kovu, kama ile ya nyusi, kovu liwe limetimiza mwaka kwanza, kwa sababu rangi ya ngozi yako itaendelea kubadilika na ya tatuu itabaki ilivyo. Wengi wakifika mwaka hawarudi kuniuliza tena. Vile vinundu vyeupe vidogo vinavyotokea kwenye mstari wa nyuzi wiki za mwanzo sio usaha, usiviminye na kucha, daktari anavitoboa kwa sindano dakika moja na vimekwisha.